Ufuta Haungoji

Ndege ilipoangukia kwenye ufuta wa Mwanakheri, aliyepewa pole alikuwa mumewe. Pole mzee Kondo, hongera mzee Kondo, Mungu akuzidishie mzee Kondo. Watu walitoka mpaka Ulaya, ile ya jirani yetu, na Kilosa mjini kuja kumshika mkono. Kondo aliwapa wa kulia, na wa kushoto akautumia kuonyesha njia ilikopita ndege, na kila aliposimulia upya, ndege iliruka chini zaidi na yeye alikimbia kasi zaidi. Mwanakheri alisimama kando na beseni lake kiunoni, akingoja mtu mmoja tu aulize habari za ufuta. Hakutokea.

Tuseme haki kwanza. Ilikuwa ndege ndogo, inatoka na watalii Ruaha, inakwenda kutua Mikumi. Ilikuwa imeshaanza kushuka pale injini ilipokohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza juu ya kijiji cha Zombo. Rubani, kijana wa Kitanzania aitwaye Brayson, alitazama chini akaona migomba, akaona mpunga wenye maji, akaona nyumba za watu, halafu akaona shamba moja lililokatwa. Akaelekea huko. Ndege ikapita juu ya miganda ya ufuta iliyosimamishwa ikauke, ikaivuruga, ikaacha gurudumu moja njiani, ikageuka upande na kupiga pua kwenye tuta. Abiria wote walikuwa hai. Mzungu mmoja bibi kizee alivunjika mtulinga, rubani alivunjika mkono, wengine michubuko na kulia. Na Kondo ndiye aliyeingia wa kwanza, mafuta yanachuruzika na watu wanampigia kelele arudi, akamtoa rubani kwa mikono yake. Hilo Mwanakheri hakumnyima. Moyo wake ulikuwa umesimama siku ile, na Kondo alipotoka mzima alimpiga ngumi ya bega kwa hasira na mapenzi.

Majeruhi walibebwa kwa turubai la Mwanakheri, lile la bluu, jipya, la kukung'utia ufuta. Walipakiwa nalo kwenye gari kwenda hospitali upande wa Mikumi. Hilo nalo hakulinyima. Nani atamnyang'anya bibi kizee turubai alilolazwa?

Yaliyomkaa kooni ni yaliyofuata.

Alikuja afande mkubwa na gari, na askari wengine nyuma. Akauliza, "Mwenye shamba nani?"

"Ni mimi, afande," akasema Kondo.

Sasa, kila mtoto wa Zombo anajua shamba lile ni la nani. Kwa watu wa bonde lile ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lilikuwa la bibi yake Mwanakheri, likawa la mama yake, likawa lake. Kondo alikuja kuoa na jembe begani, na jembe lenyewe lilikuwa bovu. Lakini ndio hivyo, mwanamume alikuwa na damu ya rubani kwenye shati na kijiji kizima kinamtazama. Mwanakheri akasema moyoni, mwache, leo ni siku yake.

"Wakaguzi watatoka Dar," akasema afande. "Mpaka wafike, ndani ya utepe huu hakiguswi kitu, hata jani. Vipande vimetawanyika shamba zima. Kuna tatizo, mzee?"

"Tatizo gani, afande? Mgeni ni baraka." Kondo alikunjua mikono kama anayekaribisha watu kwenye pilau. "Kaeni hata mwezi. Sisi hatuna haraka."

Mwanakheri aliweka beseni chini. "Afande, ule ufuta..."

"Mama, sogea kidogo, gari ligeuze," akasema afande. Na utepe wa njano ukazungushwa shamba lote, kutoka mpakani mpaka mpakani.

*

"Hatuna haraka," Mwanakheri alisema usiku ule, akipakua ugali. "Hatuna haraka! Baba Shani, wewe ufuta umeuona leo?"

"Mama Shani, watu walikuwa wanakufa."

"Hawajafa. Namshukuru Mungu hawajafa. Nakuuliza ufuta."

Kondo alinawa mikono taratibu. Alijua, kama anavyojua mkulima yeyote. Ufuta haufanani na mahindi yanayoweza kusimama shambani yakakusubiri umalize msiba na harusi. Unaukata ungali na ubichi, unaufunga miganda, unaisimamisha ikiegemeana, na vitumba vya mbegu vinakauka na kupasuka midomo. Hapo una siku chache. Unatandika turubai, unageuza mganda kichwa chini, unakung'uta, mbegu zinamwagika. Ukichelewa, upepo unakukung'utia, na upepo hautandiki turubai.

"Wakaguzi watakuja kesho," akasema Kondo. "Kesho kutwa ikizidi."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja. Ile ni ndege, mke wangu, si baiskeli."

Ndani, mama yake Mwanakheri alikohoa kitandani. Mvua za mwaka uliopita zilipita kwenye nyasi za paa zilizooza zikalowesha godoro la mama huyo, nao wakawa wanamhamisha usiku kutoka pembe hii kwenda ile. Ufuta ule ulikuwa bati. Mwanakheri alikuwa amemwambia mama yake hivyo wakati wa kupanda, na mama alicheka akasema nitalala kama bibi wa mjini. Kusema ukweli, ndicho kilichomnyima Mwanakheri usingizi. Angeweza kukosa vyote vingine, lakini alikuwa ameahidi.

*

Kesho ilikuja, na kesho kutwa, na wakaguzi hawakuja. Wakaja waandishi wa habari. Akaja kijana wa kupiga picha za mtandaoni, akamwambia Mwanakheri, "Mama, samahani, unaziba ndege." Akaja muuza karanga, akaja wa mihogo ya kukaanga, wakatandika biashara nje ya utepe. Biashara ikawa nzuri kwa kila mtu isipokuwa mwenye shamba.

Askari aliyeachwa kulinda aliitwa Ditram, kijana mpole mwenye buti kubwa kuliko miguu. Alimwamkia vizuri kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje na ndege yako?"

"Salama, mama. Na wewe na ufuta wako?"

"Sikiliza mwenyewe."

Wakatega sikio wote wawili. Jua lilikuwa limepanda, na shambani kulikuwa na sauti ndogo ndogo za vitumba vikipasuka, tak, tak. Kisha upepo wa kiangazi ukapita kutoka milimani, na miganda ikatikisika. Mwanakheri aliona mbegu zikidondoka kwa macho yake, nyeupe kwenye udongo mweusi, na akahisi machozi ya hasira yakimpanda.

"Ditram, niruhusu miganda ile ya mwisho tu. Ile ya kule, mbali na ndege."

"Mama, wakihesabu vipande wakakuta kimoja kimehama, mimi ndiye nitakayehama. Nitapelekwa kusikojulikana. Nenda kwa mtendaji."

Akaenda. Mtendaji wa kijiji, Innocent, alikuwa ofisini akichaji simu.

"Mama, suala hili limenizidi kimo. Na mzee Kondo aliridhia mwenyewe, mbele ya mashahidi. Alisema hamna haraka."

"Shamba ni la Kondo?"

Innocent akatazama simu yake. Alizaliwa Zombo, alijua jibu. "Mama, afande alimwandika mzee. Ukitaka kubadilisha, inabidi mzee mwenyewe aje aseme alikosea."

Basi Mwanakheri akamfuata mzee mwenyewe. Alimkuta kilingeni kwake, yaani kwenye benchi la muuza kahawa, simulizi ya ndege ikiwa imefika sehemu ya kugusa vichwa vya miganda.

"Baba Shani, njoo useme shamba si lako."

Benchi zima likacheka. Kondo naye alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mkewe na kicheko kikamfia mdomoni.

"Mama Shani, mbele ya watu?"

"Ulilichukua mbele ya watu."

"Nikirudi kwa afande kusema nilidanganya, watanionaje? Jana tu redio imenitaja." Akashusha sauti. "Nitakuletea turubai lako. Naenda Mikumi kesho kumwona rubani, nitalidai."

Alikwenda kweli. Alirudi jioni na picha yuko na rubani, wote wamenyoosha dole gumba, na salamu za bibi kizee wa Kizungu. Turubai hakurudi nalo. Alikuwa ameona aibu kulidai, akasema, mbele ya wagonjwa. Kuna hasira ikifika mahali inakuwa kama uchovu.

*

Akaenda kwa Bundala.

Bundala alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyehamia upande wa pili wa kijito na ng'ombe wake miaka ya karibuni. Wasukuma na watu wa bonde ni watani tangu enzi za wapagazi. Mtani ana ruhusa ya kukutukana msibani, kukucheka ukifilisika, kukuchukulia kuku ukamtazama tu. Lakini utani ni utani na mahindi ni mahindi. Msimu uliopita ndama wa Bundala aliingia kwenye mahindi ya Mwanakheri, naye Mwanakheri alimburuza Bundala mpaka ofisi ya kijiji, akalipishwa faini, na tangu hapo salamu zao zilikuwa fupi.

"Ohoo!" akasema Bundala alipomwona. "Mama mwenye uwanja wa ndege! Leo umekuja na mgambo au peke yako?"

"Peke yangu, mtani."

"Ah, leo mimi mtani. Wakati wa ndama nilikuwa nani?"

"Mtuhumiwa."

Bundala akacheka mpaka akashika mti wa zizi. Mwanakheri hakucheka.

"Mtani, nina shida. Ufuta wangu unamwagika. Askari anaogopa afande, mtendaji anaogopa askari, mume wangu anaogopa benchi la kahawa. Mimi nikivuka utepe nakamatwa. Ng'ombe akivuka utepe, nani atamkamata?"

Bundala aliuachia mti wa zizi. Kisha macho yakamfunguka. "Unasema nini wewe mwanamke?"

"Umenisikia."

"Sema tena. Sema kwa mdomo wako, maana nyumbani hawataniamini."

Mwanakheri akavuta pumzi. Aliwaza bibi yake aliyelilinda shamba lile dhidi ya nguruwe pori, na mama yake aliyelala usiku kwenye dungu kulilinda dhidi ya tembo wa hifadhi. Hakuna mkulima wa Kilosa nzima, wa jana wala wa leo, aliyewahi kutamka maneno aliyotaka kuyatamka. Watu wamepigana na kuuana kwa ajili ya maneno hayo.

"Bundala," akasema, "naomba ulete ng'ombe shambani kwangu."

"Jamani!" Bundala akamwita mkewe. "Marciana! Toka usikie! Dunia imekwisha!"

"Lakini upande wa ndege tu," Mwanakheri akaongeza haraka, kidole juu. "Pale palipokwisha kuharibika. Akikanyaga mganda wangu mmoja uliosimama, faini iko palepale."

*

Siku iliyofuata, wakati wa ng'ombe kushuka kunywa maji, kundi la Bundala lilipotea njia. Lilipotea kwa utaratibu mzuri sana. Fahali mwekundu aliinua utepe kwa pembe, akaukata, akaingia nao umemning'inia shingoni kama shada la bwana harusi. Wengine wakamfuata. Majani yalikuwa yameota mabichi pembeni mwa tuta, na miganda iliyovunjwa na ndege ilikuwa imelala pale na magugu yake. Ng'ombe mmoja akaanza kulamba bawa.

"Mama! Mama!" Ditram alikuwa anapunga bunduki na kofia, asijue kipi kinamtisha ng'ombe. "Ushahidi! Wanalamba ushahidi!"

"Naona, mwanangu," akasema Mwanakheri, nje ya utepe, mikono kifuani. "Mimi siruhusiwi kuingia."

"Ingia! Ingieni wote, nisaidieni!"

Wakaingia. Wanawake waliokuwa wakila karanga, muuza mihogo, na Bundala mwenyewe, ambaye alitokea upande wa kijito akilia kwa sauti kwamba ng'ombe wake wamemshinda. Aliwaita kwa Kisukuma, nao wakatoka polepole kama watu wanaotoka ibadani. Walipofika mpakani, fahali mwekundu akageuka kuitazama ile miganda, akataka kurudi.

"Huyu atarudi kesho," akasema Bundala kwa huzuni kubwa. "Ng'ombe akishaonja mahali, hapasahau. Mimi ni mtu mmoja, afande. Nitajitahidi."

Ditram alikuwa anahema. Alimtazama Bundala, akamtazama Mwanakheri, akautazama utepe kwenye shingo ya fahali. Hakuwa mjinga. Lakini alikuwa amechoka, na siku zote alikuwa anakula chakula cha mama huyu.

"Mama," akasema, "kwa nini ng'ombe wanakuja hapa?"

"Ng'ombe anafuata chakula, mwanangu. Chakula kikiondoka na yeye anaondoka."

Ditram akapiga simu, akasogea kando, lakini sauti ya afande ilisikika mpaka kwa muuza karanga.

"Ng'ombe gani? Wamelamba nini? Wewe, kwa nini mmeacha mazao karibu na ushahidi?"

"Afande, ulisema kisiguswe kitu..."

"Nilisema ndege! Mimi nilisema mazao? Nani aliwaambia muache chakula cha ng'ombe kimezunguka ndege? Toeni hayo majani yote leo hii! Leo! Nikisikia ng'ombe tena, utaeleza wewe!"

Ditram akakata simu. Akasimama wima, akavuta shati, akamgeukia Mwanakheri kwa sauti ya kiserikali. "Mama, kwa amri ya afande, unatakiwa kuondoa mazao yako mara moja. Usisogelee ndege, usiguse kipande chochote."

Mwanakheri alitaka kucheka na kulia na kumpiga mtu. Siku zote zile! Siku zote zile neno lilikuwa moja tu, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliuliza.

"Nimesikia, afande," akasema.

*

Bundala alileta turubai lake, limetoboka lakini pana. Marciana alileta mikeka ya kanisa. Walifanya kazi bila kupumzika, wakibeba kila mganda kwa upole kama mtoto aliyelala, maana ukiutikisa njiani umemwaga. Kondo alifika katikati ya kazi, habari zimemkuta kwenye benchi. Alivua shati alilokuwa akilivaa tangu redio imtaje, akaanza kubeba. Mganda wake wa kwanza ulipokung'utwa, sauti ilikuwa nyepesi, mbegu chache zikateleza juu ya turubai. Aliuinua akautazama. Vitumba vyote midomo wazi, vitupu.

"Mama Shani," akasema.

"Beba mwingine."

"Mama Shani, nisamehe."

"Nimekusikia. Beba mwingine."

Jioni walipopepeta na kukusanya, haikufika nusu ya walichokata. Mwanakheri alikaa juu ya magunia yake machache, mgongo unamuuma, akapiga hesabu kichwani. Bati zingetosha upande mmoja wa nyumba. Utakuwa upande wa mama.

*

Wakaguzi walifika asubuhi iliyofuata, kama waliokuwa wamejificha nyuma ya kilima wakingoja ufuta uishe. Walikuwa na vizibao vya kung'aa na kamera. Mkubwa wao, mwanamke mwenye miwani, Bi Editha, aliamkia wazee vizuri, akatazama utepe uliofungwa fundo pale ulipokatwa, hakuuliza.

"Mwenye shamba ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Kondo, kwa mazoea. Ditram akamgeukia. Innocent akamgeukia. Kondo alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akavua kofia, akasogea hatua moja nyuma.

"Muulizeni huyu," akasema. "Ni la kwao. Mimi nilisema uongo."

Mwanakheri alikuwa ameshika ufagio wa chelewa na ungo. Alikuwa ameondoka nyumbani mapema kabla sisimizi hawajaamka kubeba mbegu.

"Karibuni," akasema. "Shamba ni langu."

"Asante, mama. Pole sana. Tutajitahidi tusikusumbue. Tutapima, tutapiga picha, halafu tutangoja gari la kubebea mabaki. Kama huna haraka..."

"Ninayo," akasema Mwanakheri.

Mkaguzi akainua macho kutoka kwenye kamera. Mwanakheri akaelekeza ufagio chini, pale bawa la ndege lilipolala, ambapo udongo mweusi ulikuwa umekuwa mweupe kwa mbegu zilizomwagika.

"Ufuta wangu uko chini ya bawa lenu," akasema. "Pimeni, mama, nitasubiri hapa. Mkimaliza mita moja, mniambie, nifagie mita moja."